Daftari la Mzee Ntandu

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Chuo kikuu kimoja cha kilimo kilikuwa na walimu watatu. Tumsifu alijaliwa macho: darasani hakuna kilichompita. Haonga hakuogopa aibu. Mwanahija alijaliwa huruma, hata kwa wanafunzi wanaochelewa. Wote watatu walikuwa na kero moja, nayo ni wenzao waliofundisha kwa imla, wao wakisoma na wanafunzi wakinakili tu.

Bingwa wa imla alikuwa mzee Ntandu, mwalimu wa udongo. Miaka ishirini na sita alisoma daftari lile lile: "Nukta. Aya mpya." Mkuu wa idara alishasema kwamba asipobadilika muhula huu, darasa atapewa mwingine. Na mzee huyo, aliyefiwa na mke na hakujaliwa mtoto, hakuwa na kingine ila darasa.

Tumsifu aliomba kuketi nyuma ya darasa la mzee wiki mbili, kisha akamvuta chemba. "Shikamoo, mwalimu. Unisamehe kwa nitakalosema. Leo watu sitini wameandika, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso kukutazama."

Mzee akalipapasa daftari. "Mwandiko huu ni wa marehemu mke wangu. Nikiliacha, nitamsikia wapi?"

Tumsifu alilia, lakini hakuyafuta maneno yake.

Haonga akamwalika mzee darasani kwake. Siku hiyo Haonga alijaribu mbinu mpya ya kufundisha, ikaenda mrama. Wanafunzi wakamcheka, naye akacheka nao, akaanza upya.

"Kumbe mtu anaharibu na hafi?" mzee akauliza.

"Mimi naharibu kila Jumanne, mzee wangu."

Basi Ntandu akaingia darasani na debe la udongo, daftari kaliacha ofisini. Ulimi ukagoma. Akaanza kuelekea mlangoni.

Mwanahija, aliyekuja kumtia moyo, akanyoosha mkono. "Mwalimu, udongo wa mfinyanzi na wa kichanga unanichanganya. Nisaidie."

Na Mwanahija mwenyewe ana shahada ya uzamivu ya udongo! Husemwa kuuliza si ujinga, lakini jaribu kuuliza hivyo mbele ya wanafunzi unaowafundisha na wewe, nao wanakucheka. Mzee akarudi, akamtia udongo kiganjani, akaumwagia maji. "Finyanga, mwanangu." Punde darasa zima lilikuwa limechafuka mikono, na nyuso zote zilikuwa juu.

Darasa likabaki lake mpaka alipostaafu. Siku ya kuaga akawaita wale watatu.

"Mke wangu sasa namsikia hata bila kusoma. Daftari lake nataka libaki kwa mmoja wenu. Kulichana vipande siwezi."

"Mimi nilikuumiza tu," Tumsifu akasema.

"Mimi nilichekwa tu," akasema Haonga.

"Mimi niliuliza tu," akasema Mwanahija.

Bila wa kwanza asingejua, bila wa pili asingethubutu, bila wa tatu asingerudi kutoka mlangoni. Wote wanatazama sakafu, ingawa kila mmoja analitamani. Mzee bado kawanyooshea daftari, na mikono yake imeanza kuchoka.

Je, wewe ungemwambia ampe nani?