Bi Lubaba na Amana ya Rabab

Inasimuliwa na waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemeni aliishi mwanamke mchaji, Bi Lubaba, aliyesomesha Qur'ani watoto wa kike nyumbani mwake. Alikuwa amezika mume na wanawe wote, na uzee ulimwelemea hata akirukuu huinuka kwa kujikongoja.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo yatima, Rabab, aliyelelewa na ami yake Mundhir, mtu wa safu ya mbele msikitini na mwingi wa sadaka. Alasiri moja wenzake walipotawanyika, Rabab alibaki akikunja na kukunjua mkeka uleule.

"Nenda nyumbani, mjukuu wangu, nami nijilaze."

Mtoto hakuondoka. Akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, nikikwambia jambo, utaapa kuwa hutamwambia mtu?"

Mwili mzima wa Bi Lubaba ulimwomba aseme ndiyo, yaishe. Lakini hakuwa mtu wa kutoa ahadi asiyoweza kuitimiza. "Siwezi kuapa hivyo. Ikiwa unaumizwa, nitamwambia yule tu awezaye kukukinga, na wewe utajua kabla yake."

Rabab akaukunja tena mkeka, akaukunjua. Bibi hakumharakisha, ingawa macho yake yalikuwa mazito. Mwishowe mtoto akapandisha mkono wa kanzu. Palikuwa na alama za moto, mbichi juu ya kuukuu.

"Ami amesema nikitamka, mimi ni mwongo mbele ya watu na mbele ya Mungu."

"Mungu ameona, nami nakusadiki. Kosa si lako."

Hakumrudisha kule. Alimwita jirani yake, Bi Shifaa, akae na mtoto mlango ukiwa na komeo. Akamweleza Rabab aendako, kisha akashika fimbo akapanda kwa kadhi, magoti yakimlaumu kila ngazi.

Kadhi alisikiliza akikunja uso. "Mundhir? Bibi, umechoka. Mlete mtoto, nimwite na ami yake, niwaulize pamoja."

"Kondoo haulizwi mbele ya fisi. Msikilize peke yake, nami nikae ubavuni pake. Huyo mwite baadaye."

"Na isipokuwa kweli?"

"Utakuwa umepoteza alasiri yako. Ikiwa kweli nawe ukamrudisha, utajibu nini Siku ya Hesabu?"

Kadhi akainuka. Kisha akavaa viatu vyake, wakateremka pamoja.

Rabab alisema yote, akishika ushungi wa bibi yake. Mundhir alikana, lakini mtumishi wake mwenyewe alishuhudia aliyoyaona. Akavuliwa ulezi, akatiwa gerezani, na mtoto akapewa mama yake mdogo.

Mji haukumshukuru Bi Lubaba. Wengine waliwaondoa binti zao kwake. Mwanamke mmoja akamkabili kisimani: "Hukuweza kusitiri aibu ya Mwislamu mwenzio?"

"Nimemsitiri mtoto," akajibu, akajitwika mtungi wake polepole, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsaidia.

Enyi waumini, mtoto aliyeumizwa huenda akajaribu kusema mara moja tu, na huenda akatukuta tumechoka. Uchovu wetu una wakati wake wa kupumzishwa. Neno lake ni amana, na amana huulizwa.