Kiboko na Nafasi ya Chini ya Mtumbwi

Haya, masikio!
— Yapo!
Yamezibuliwa?
— Yamezibuliwa!
Nikimwaga, mtakinga?
— Mwaga, tunakinga!

Basi alikuwepo Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama wa majabalini, mnenemnene, mkia hana, na akitulia utadhani ni jiwe lililoota manyoya. Huyu wa leo alikuwa mama wa watoto wadogo, na nyumba yake ilikuwa kwenye jabali kando ya mto mkubwa uliokata msitu katikati.

Dada yake aliolewa mbali, huko mto unakoelekea. Siku moja hondohondo akapita juu akipiga kelele, "Dada yako kajifungua! Kesho kutwa mtoto anapewa jina! Usipokuja ataudhika!"

Pimbi akaruka kwa furaha. Kisha akakaa chini, akashika shavu. Kwenda si kazi, mto wenyewe unakusukuma. Kazi ni kurudi. Jua likizama, Chui huja kuzunguka lile jabali, na watoto wake hawawezi kulala peke yao. Lazima aende na arudi siku hiyo hiyo. Na hakuna mtu msituni aliyewahi kuupandisha mtumbwi mto ule akafika kabla ya giza.

Akawaita rafiki zake wawili, Kobe na Nungunungu. Mtumbwi walikuwa nao, wameuchonga kwa gogo la mvule. Wakakaa ukingoni kupanga safari.

"Tubebe nini?" akauliza Pimbi.

"Ndizi," akasema Kobe.

"Na nini?"

"Viazi," akasema Nungunungu.

"Na nini?"

"Asali ya mzazi."

"Nani atapiga kasia?"

"Mimi," akasema Kobe.

"Ndugu Kobe, mikono yako haifiki majini."

"Basi mimi nitahesabu makasia."

Kasia lilikuwa moja. Wakamwachia ahesabu.

"Na kurudi je?" akauliza Pimbi.

Kobe akalihesabu kasia.

"Tuanze upya," akasema Nungunungu.

Wakaanza upya. Tubebe nini? Ndizi. Na nini? Viazi. Na nini? Asali. Na kurudi je? Kobe akahesabu kasia. Wakaanza upya tena. Kobe alikuwa amelihesabu kasia mpaka limechakaa.

Mara, bubububu! Maji yakachemka. Puuuu! Kikatokea kichwa kikubwa kama mlango wa ghala. Alikuwa Kiboko.

"Mnapanga nini bila mimi?"

"Shikamoo, mzee," wakasema wote.

"Marahaba. Mnapanga nini?"

"Safari ya mtumbwi, mzee. Ya kutwa."

"Na mimi nakwenda."

Pimbi akamtazama. "Lakini mzee, wewe si unakaa mtoni?"

"Ndiyo maana nataka mtumbwi! Tangu nizaliwe nalowa tu. Na msiponipakia, mtumbwi huu nautafuna kama muwa. Kwacha, kwacha, kwacha!"

Nungunungu akasimamisha miiba. Kobe akaingia ndani ya gamba, na kutoka humo ikasikika sauti ndogo: "Moja."

"Haya," akasema Pimbi polepole. "Tupange nafasi. Mbele atakaa nani?"

"Mimi," akasema Kiboko.

"Nyuma atakaa nani?"

"Mimi."

"Katikati?"

"Mimi! Na ndizi nitazibeba mimi. Tumboni. Na viazi vilevile. Na asali nitaishika mimi, kwa ulimi."

Pimbi akaona safari imekufa. Akiingia huyu, mtumbwi utakwenda, ila utakwenda chini. Dada atangoja mpaka achoke. Akaukodolea macho mtumbwi, akamkodolea Kiboko macho, akaukodolea tena mtumbwi. Kisha akamwinamia Nungunungu, akamnong'oneza kwa nguvu kiasi cha kusikika ng'ambo ya mto:

"Afadhali. Kachukua nafasi zote za juu. Ile ya chini hajaijua."

Masikio ya Kiboko yakatikisika, titiriti. "Ipi ya chini?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Pimbi! Ipi ya chini?"

"Mzee, usinitie matatani. Nafasi ya chini ya mtumbwi ni ya watu wakubwa. Ina kivuli. Haitikisiki. Huwezi kuanguka kutoka pale hata ukitaka. Sisi tulikuwa tunamwekea Tembo."

"Tembo!" Kiboko akafoka mpaka majani yakapukutika. "Tembo ana nini nisichokuwa nacho? Chini ni kwangu!"

"Lakini mzee, ukikaa chini huwezi tena kukaa juu."

"Sitaki juu! Juu wanakaa nani? Watu wa hivi hivi tu!"

"Na chakula cha wa chini hakibebwi humu. Kinaandaliwa njiani, kila kona ya mto."

"Kila kona?"

"Kila kona."

Kiboko akameza mate, gluk. "Nyie watu mnajua kupanga," akasema.

Siku ya safari ikafika. Jua halijatoa hata kidole, Kiboko yuko tayari. Akazama, chubwi! Akajiingiza chini ya mtumbwi. Mtumbwi ukapanda juu ya mgongo wake ukatulia kama kitanda. Pimbi akakaa mbele, Nungunungu nyuma, Kobe katikati na vyakula.

"Nimeshapanda?" ikauliza sauti kutoka majini.

"Umeshapanda, mzee. Twende!"

Ndi, ndi, ndi! Kiboko akatembea kwenye mchanga wa chini ya mto. Juu wakapita kama wafalme, miti inarudi nyuma, nyani wanashangaa.

Baada ya muda, tundu mbili za pua zikajitokeza ubavuni. Puuuu!

"Pimbi! Mbona ninatembea?"

"Mzee, sisi huku tumekunjana, magoti yanatuuma. Wewe una nafasi ya kunyoosha miguu."

"Kumbe!" Akacheka, akazama. Ndi, ndi, ndi!

Wakafika kwenye kona. Puuuu!

"Pimbi! Chakula changu?"

"Hicho hapo, mzee, mkono wa kushoto."

Kiboko akatazama. Akatafuna. "Lakini haya ni majani ya mtoni. Ndiyo ninayokula nyumbani kila siku."

"Tuliuliza unapenda nini, mzee."

Kiboko akaguswa sana. Machozi yakamtoka, ingawa kwa sababu alikuwa majini hakuna aliyeyaona. "Hata mama yangu," akasema, "hakuwahi kuniuliza."

Mbele kidogo, korongo amesimama kwenye kina kifupi kwa mguu mmoja. Akachungulia, akashangaa.

"Kiboko! Unafanya nini chini ya huo mtumbwi?"

Pimbi akajifanya hajasikia.

"Nasafiri," akasema Kiboko.

"Lakini wanaosafiri si hao walio juu?"

"Hao?" Kiboko akamcheka. "Hao ni mizigo. Korongo, ndege asiye na safari hawezi kuelewa mambo haya." Akampita kwa madaha, akamrushia matope.

Mchana wakafika kwa dada. Ngoma zinalia, vigelegele vinapigwa. Ndizi zikashushwa nzima, viazi vizima, asali nzima. Kiboko naye akaanza kujitoa chini, pua inatafuta harufu ya pilau.

"Unashuka, mzee?" akauliza Pimbi. "Sawa. Ila samaki wa huku wana tabia mbaya. Mtu akinyanyuka kidogo tu, wanaikalia nafasi yake."

Kiboko akajirudisha pale pale. Mtoto akapewa jina, watu wakala, watu wakacheza, Nungunungu akacheza na bibi mmoja mpaka bibi akaomba kibano cha kutolea miiba. Kiboko muda wote yuko chini ya mtumbwi, anafukuza kambale. "Toka! Pana mwenyewe! Nimesema toka!"

Lakini ngoma iliwanogea. Pimbi alipoinua macho, jua lilikuwa limeshapita vilele vya miti. Akakimbilia mtumbwini. Chui! Watoto!

"Tunarudi, mzee, haraka!"

Ndi, ndi, ndi! Safari hii maji yanatoka mbele, yanasukuma. Puuuu! "Pimbi! Mbona kitu kinanipiga usoni?"

"Upepo wa dirishani, mzee. Sisi wa juu hatuupati."

"Ni mkali." Hatua zikapungua. Ndi... ndi... ndi... Jabali bado mbali. Jua limekuwa jekundu.

"Tuanze upya?" akasema Nungunungu.

"Nyamaza!" Pimbi akainama ubavuni, akapiga kelele: "Mzee! Kambale mmoja mkubwa yuko nyuma yako! Anakuja! Anasema nafasi ile ni yake!"

"NANI?"

Mamaa! Kiboko akatimka. Ndindindindi! Maji yakapasuka pande mbili, pwaaa! Kobe akaruka akaangukia miiba ya Nungunungu, akashukuru kwamba ana gamba. Wakampita korongo, korongo akaanguka kwa mguu wake mmoja. Wakapita kona zote.

Pale jabalini Chui alikuwa ameshafika. Amejilamba, amechuchumaa mbele ya pango, watoto wa Pimbi wanalia ndani. Mara mto ukalipuka. Kiboko akatoka, mtumbwi mgongoni, macho mekundu:

"NANI ANATAKA NAFASI YANGU?"

Chui hakuitaka nafasi ile. Hakuitaka hata kidogo. Alikimbia, na inasemekana manyoya yalimfuata baadaye.

Pimbi akawakumbatia wanawe. Kiboko akashusha mtumbwi, akahema, akatabasamu. "Safari nzuri sana," akasema. "Sijachoka hata kidogo." Akalala pale pale, na akaamka wiki iliyofuata.

Hapo ngano imegusa nchi kavu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni niitie sukari.

Na funzo? Wazazi wenu wanawaambia tamaa ni mbaya. Wanawadanganya. Bila tamaa ya Kiboko, Pimbi angerudi vipi? Basi kuweni na tamaa, wanangu, tena kubwa. Na yule mwenye tamaa kuwashinda wenzake wote aje kwangu kesho asubuhi. Nina mtumbwi, na ile nafasi nzuri bado iko wazi.