Kiboko na Salamu za Asubuhi

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kwanza ndipo wagombane, aliishi Bi Pimbi. Mfupi, mviringo, masikio kama vifungo vya shati. Yeye, mumewe na watoto wao walikaa kwenye mawe ya kando ya mto, na shamba lao la viazi vitamu lilipakana na la Bwana Kiboko.

Bi Pimbi alikuwa na tabia moja iliyowachosha jirani zake: kuuliza.

"Hivi mtu akijikwaa, kwa nini yeye anaambiwa pole na jiwe haliambiwi kitu?"

"Ah, Mama, tuache tule!" watoto walikuwa wakilalamika.

Asubuhi moja, hata chai haijachemka, mawe yalitikisika. Puu! Puu! Puu!

"Wewe Pimbi! Toka nje!" Kiboko alinguruma. "Umekula viazi vyangu, shamba zima! Tukutane barazani. Shamba lako linakuwa fidia yangu!"

Puu! Puu! Akaondoka.

Sasa jamani, tumbo la pimbi lina ukubwa gani? Viazi vya shamba zima vingeingia wapi? Lakini nani angemuuliza Kiboko swali hilo? Mkubwa akishasema, mdogo anatakiwa afungashe tu!

Na mume wa Bi Pimbi alikwisha kuanza kufungasha. "Mama watoto, tuhame. Mwaka jana Nyati alimsingizia Digidigi, Digidigi akahama. Ndivyo ilivyo."

"Ile ilikuwa kesi ya Digidigi," Bi Pimbi alijibu. "Ya kwetu haijasikilizwa bado. Shusha hiyo sufuria."

"Utakwenda kusema nini?"

"Sijui. Nataka kwanza nisikie yeye anasemaje."

Hakimu wa baraza alikuwa Twiga. Shingo yake ilikuwa ndefu kiasi kwamba maneno yalichukua muda kupanda mpaka masikioni. Alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakuna kesi kabla ya salamu, na mdogo ndiye anayeanza.

"Shikamoo, Bwana Kiboko," alisema Bi Pimbi.

"Marahaba!"

"Habari za kuamka?"

"Nzuri."

Bi Pimbi akainamisha kichwa. Nzuri? Mbona huyu ametoka mlangoni kwangu anafuka moshi? Udadisi ukamwasha.

"Za nyumbani?"

"Salama."

"Na za shamba?"

"Safi kabisa, tunashukuru."

Twiga akasafisha koo. "Haya, Kiboko. Toa shida yako."

"Mheshimiwa! Shamba langu limemalizwa! Halijabaki hata jani moja! Na mwizi ni huyu hapa!"

Bi Pimbi akanyoosha mkono. "Samahani, Mheshimiwa, naomba kuuliza. Hilo shamba lililomalizwa ni lile lile lililokuwa safi kabisa sasa hivi?"

Ngiri, aliyekuja kusikiliza, akaangua kicheko. Kwii! Kwii!

"Ile ilikuwa salamu tu!" Kiboko akafoka.

"Kwa hiyo haikuwa kweli?"

"Kila mtu hujibu hivyo!"

"Basi nieleweshe, kaka yangu, maana mimi ni mdogo. Ile 'safi' yako hatukutakiwa kuiamini. Hii 'mwizi' yako tunatakiwa kuiamini. Mdomo mmoja, asubuhi moja. Tutazitofautisha vipi?"

Kiboko akafungua mdomo. Nzi akaingia.

Maneno yakapanda shingoni mwa Twiga, yakapanda, yakafika. "Kiboko, umejipinga mwenyewe. Leo sina kesi. Lakini mimi kila asubuhi naanza upya, ya jana siyabebi. Ukija kesho na neno jipya, nitakusikiliza kama vile sijawahi kukuona."

Mume wa Bi Pimbi, aliyekuwa ameanza kuruka kwa furaha, akatua. "Kumbe kesho tena!"

"Kesho tena," alisema Bi Pimbi. "Na nakwambia, hatajibu 'nzuri' hata moja. Sasa mtu kama yule ukimnyima 'nzuri', atasema nini?"

Swali hilo likampeleka mtoni. Alimkuta mke wa Kiboko, Mama Tope, akiwaogesha watoto.

"Dada, kesho njoo barazani. Mumeo atataja habari za nyumbani kwenu mbele ya watu wote."

"Barazani? Aliniambia anakwenda kuomba mbegu!"

"Mimi sisemi kitu. Njoo usikie kwa masikio yako."

Asubuhi ilipofika, Kiboko aliingia barazani akinong'ona peke yake, "Mbaya, mbaya, mbaya," asije akasahau. Hakutazama kulia wala kushoto. Nyuma kabisa, Mama Tope alikuwa amekaa na khanga yake mpya.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Habari za kuamka?"

"Mbaya!"

"Pole. Za nyumbani?"

"Mbaya sana!"

"Maskini! Za watoto?"

"Mbaya!"

"Na za mama watoto?"

"Hizo ndizo mbaya kuliko zote!"

"Heee!" baraza likaguna.

"Za nani?" Sauti ilitoka nyuma, na wanyama wakapisha njia wenyewe. "Za nani ndizo mbaya kuliko zote?"

Kiboko akageuka. "Mama Tope... umefikaje hapa?"

"Kwa miguu! Mimi ndiye habari mbaya? Mimi niliyekukanda tumbo usiku ukigaagaa, kwa viazi ulivyojilia peke yako? Viazi nilivyolima kwa mikono yangu! Watoto hawakuonja hata kimoja! Ukanibembeleza nisiseme, nikanyamaza, nikakufichia aibu. Leo unanitangaza mimi?"

"Taratibu, mke wangu, ile ni salamu tu..."

"Salamu tu!"

Baraza zima likaangalia juu, likasubiri. Maneno yalipanda, yakapanda. Hatimaye Twiga akapepesa kope.

"Kumbe," alisema.

Kisha akatoa hukumu: shamba la Pimbi ni la Pimbi. Kiboko alime upya lake, Mama Tope akiwa amesimama ukingoni kumwangalia.

Kiboko hakungoja zaidi. Alikimbilia mtoni, chubwiii! Yakabaki matundu mawili ya pua juu ya maji.

Mimi ngano yangu naitua hapa, wadogo zangu, nanyi bebeni hili: kila asubuhi ni mpya, basi usiifungue kwa neno ambalo huwezi kusimama nalo mpaka jioni.