Mzee Mbawakawa na Harusi ya Ng'ambo ya Shimo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kioo, ndani ya kioo nchi, ndani ya nchi mdudu, na mdudu ana safari. Sogeeni. Na huyo anayetafuna mahindi atafune polepole.

Hapo zamani za kale, zamani za juzijuzi tu, katika nchi iliyo ndani ya mchezo wa runinga, aliishi Mzee Mbawakawa. Kazi yake ilikuwa kutembea: kutoka kichakani hadi ukingo wa shimo, kisha anageuka, anarudi. Ndivyo ulivyokuwa ukoo wao. Babu alifika ukingoni, akageuka. Baba alifika ukingoni, akageuka. Na yeye, kwa miguu yake yote sita, akifika ukingoni hugeuka. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Siku hiyo binti yake, Mwanasiwema, alikuwa anaolewa ng'ambo ya shimo, chini ya bendera. Kadhi Konokono alishasema: "Bila baba mzazi siozeshi. Saa ya angani, ile inayohesabu muda wa mchezo, ikikaribia kuisha, nakwenda zangu."

Mzee akavaa kofia yake ya viua, akashika njia, akaimba:

*Nipisheni, nipisheni,*
*namwoza mwanangu leo.*

Mara huyo, Mrukaji! Kijana wa suruali fupi, hukanyaga kila kichwa anachokiona. Pwaa! Mzee akawa chapati. Akafufuka kichakani, maana huko wadudu hufufuka, akainyoosha kofia.

Akaimba tena, safari hii mbio mbio. *Nipisheni, nipisheni!* Pwaa! Akafufuka kichakani, kofia imepinda. Ng'ambo, hina ya Mwanasiwema ilishakauka, naye analia.

Mara ya tatu Mzee hakukimbia. Alichoka, na moyo ulimuuma kumfikiria mwanawe amepambwa na baba haonekani. Kivuli kilipomfunika akainua uso, akasema kama anavyomwambia kila mpita njia:

"Hujambo, mwanangu?"

Mrukaji akakwama hewani, mguu mmoja juu. Kijana alilelewa yule. Utamkanyagaje mtu anayekujulia hali?

"Si... sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na baba?"

"Yupo, mgongo tu unamsumbua."

"Mpe pole. Na kuku?"

"Kuku wazima, mzee."

Nje ya kioo, bwana mmoja mwenye ndevu, ndiye mchezaji, akabonyeza kitufe cha ruka, akabonyeza ruka, akabonyeza ruka. Mrukaji haruki, yumo kwenye salamu.

"Na wewe mzee, wapi na kofia hiyo?"

"Namwoza binti yangu, pale ng'ambo. Lakini miguu hii ikifika ukingoni hugeuka."

"Basi panda."

Akamweka kichwani, yeye mkanyaga vichwa, akaruka. Juu ya shimo ile miguu sita ikageuka kwa mazoea, kwa hiyo Mzee akafika harusini akitazama alikotoka.

Kadhi alikuwa ameshaondoka kwa hasira. Ila konokono ni konokono, alikuwa hata jamvi hajalimaliza. Akarudishwa, ndoa ikafungwa. Mwanasiwema akamkumbatia baba yake kwa mikono yote, wakalia wote wawili kwa furaha.

Mrukaji naye akaanza kuwapa wageni mkono, na kila mgeni ni mdudu, kwenye salamu miguu yake sita ni mikono sita. Hajafika nusu, saa ya angani ikaisha. Akaanguka, akafa, mchezo ukaanza upya.

Mzee akajikuta kichakani. Mrukaji huyo, anakuja mbio. Mzee akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Kanyaga tu, mwanangu. Binti yangu ameshaolewa."

Mrukaji akasimama, akavua viatu. "Shikamoo, baba. Bibi harusi hajambo?"

Nje ya kioo bwana mwenye ndevu akapiga ukelele kumwita mkewe: "Mama Tunu! Mashine imeharibika! Jamaa haruki tena, anaamkia wadudu!"

Basi nanyi shikeni hili: mtu ukimuuliza mama yake hajambo, na ukangoja jibu, mguu wake huwa mzito kukukanyaga.

Harusini nilikuwepo. Biriani ilipakuliwa nami bado nasalimiana na shemeji wa sita, mkono wa nne, nikaambulia ukoko. Hadithi yangu imefika ukingoni, nami nageuka.