Waliofungua Faili la Mshonaji

Fungeni Biblia zenu kidogo, wapendwa, mnisikilize. Leo nimekuja na hasira, na sitaki kuifunika kwa tabasamu la Jumapili.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta katika hospitali ya misheni. Msiniulize hospitali gani, mfano huu nimeutunga mwenyewe. Fundi huyu ndiye aliyeushika mfumo endeshi wa kompyuta zote pale, ule unaofanya kazi chini kabisa, nyuma ya hizo picha mnazobonyeza. Ndani yake kuna sehemu inayotunza mafaili, na sehemu hiyo ina kazi ya bawabu. Kila mtu akitaka kufungua faili la mgonjwa, inamwuliza: wewe nani, na nani amekuruhusu?

Siku moja mama mmoja, mshonaji wa sare za shule, akaingia ofisini kwa fundi. Alikaribishwa kiti, akakikataa.

"Mwanangu, Jumatatu nilipimwa hapa, nikaambiwa nina virusi. Sikumwambia hata dada yangu wa tumbo moja. Jumatano mwenzangu wa sokoni akanishika mkono, akanipa pole. Nani kamwambia?"

"Mama, faili lako halionwi na mtu ila daktari wako."

"Basi daktari wangu ana midomo mingi! Sikiliza, dawa zenu sitakuja kuchukua tena. Nikipanga foleni pale, watu wananiangalia kama maiti. Bora nife nyumbani kwangu."

Mmesikia? Dawa ipo, ya bure, na mtu anaikataa kwa sababu ya macho ya watu.

Fundi akaifungua programu ya yule bawabu, akaisoma mstari kwa mstari. Akakuta pameandikwa hivi: anayetaka faili, jina lake lisipopatikana kwenye orodha ya walioruhusiwa, apite. Apite! Bawabu gani huyo? Mtu usiyemjua anabisha hodi, nawe unamwambia karibu ndani, chumba cha kulala kile pale?

Akaenda kwa mkuu wa hospitali. "Mzee, nani aliagiza iandikwe hivi?"

"Mimi. Manesi walikuwa wanalalamika kwamba kompyuta inawakatalia. Na hapa sote tumeokoka, tunaanza siku kwa ibada. Watu wa Mungu unawafungia nini?"

Watu wa Mungu! Neno hilo nimelisikia mpaka masikio yananiuma. Kila panapovuja, tunaziba kwa neno hilo.

Fundi akarudi kwenye kiti chake, akaugeuza mstari ule: asiyekuwemo kwenye orodha, akataliwe. Akajaribu kuingia kwa jina lake mwenyewe, kompyuta ikamkatalia hata yeye, akafurahi. Mngedhani habari imeishia hapo.

Lakini kompyuta ile huandika jina la kila anayefungua faili, na saa aliyolifungua. Fundi akataka kujua. Faili la yule mama, kwa siku mbili, lilikuwa limefunguliwa mara kumi na saba. Mnadhani ni wezi? Wadukuzi kutoka ng'ambo? Niambieni! Majina yale yote aliyafahamu, maana huimba nao kila asubuhi. Lilikuwa kundi la maombezi la hospitali.

Akamwendea kiongozi wao, dada mmoja wa mapokezi.

"Dada, uliingia kwenye faili la yule mama kufanya nini?"

"Nilitaka tumbebe katika maombi. Utaombeaje kitu usichokijua?"

"Na mwenzake wa sokoni je?"

"Yule naye ni mwombezi."

Hakuona haya hata chembe. Tena kesho yake kundi zima likamwandikia mkuu barua, kwamba fundi anazuia huduma.

Fundi akaenda nyumbani kwa mama, amwambie kasoro imerekebishwa. Mama alikuwa kwenye cherehani, hakuinua uso. "Ahsante, mwanangu. Na wale walioshasoma, utawafutaje?"

Dawa za yule mama zilibaki kwenye rafu mwezi huo, na mwezi uliofuata pia.

Sasa naona mnatikisa vichwa, mnawalaani wale waombezi. Taratibu. Ni nani humu aliyesimama juzi kwenye maombi ya Jumatano akasema, "Tumkumbuke dada fulani, simtaji jina, ila anakaa nyuma ya kituo cha mafuta na mumewe amemwacha"? Na ni nani walioitikia amina, wakaibeba habari hiyo mpaka nyumbani, wakainywea chai? Ni sisi. Tunasengenya huku tumefumba macho, halafu tunaita mzigo wa maombi! Mungu hahitaji tumsomee faili la mtu. Alimjua tangu tumboni mwa mama yake. Wenye njaa ya kusoma ni sisi, na ninaona aibu kusimama hapa mbele yenu, kwa sababu mimi mchungaji wenu nimeyasikia mengi ya namna hiyo, nikanyamaza.

Nimesema ni mfano. Lakini wiki hii mtu wa usharika huu alikuja kwangu, akanirudishia kadi yake ya uanachama. Akasema, "Mchungaji, nitasali nyumbani. Huko angalau anasikia Mungu peke yake." Sikumzuia.

Simtaji. Na tazameni, tayari mnageuza shingo, mnatafuta ni kiti cha nani kilicho wazi.