Jina la Mwisho Kwenye Karatasi

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja aliyeshona kola za mashati kiwandani. Katika mstari wao walikuwa wanawake kumi na wawili: shati likitoka kwa mmoja, linaingia kwa mwenzake. Siku moja msimamizi akaleta karatasi. Anayependa kuacha saa yake ya chakula cha mchana aandike jina, atoke saa tisa badala ya saa kumi.

Saa tisa! Mama yule akawaza wanawe wanavyorudi shuleni na kukuta mlango umefungwa. Akachukua kalamu, akapita nayo mashine kwa mashine. Wote wakaandika, isipokuwa mshona vifungo, rafiki yake kwa miaka minane, mgonjwa wa sukari.

"Shoga, umebaki wewe tu."

"Mimi najichoma sindano za sukari. Daktari kakataza nisipitishe saa saba mchana bila kula."

"Utakula ukitoka. Ukisimama wewe, mstari mzima umesimama. Utatukwamisha kwa viazi vyako viwili vya mchana?"

Mwenzake akacheka. "Haya lete kalamu, karani wa kujipachika. Nisije nikaitwa mchawi wenu bure."

Wiki tatu mama akawahi nyumbani, akafurahi. Wiki ya nne, saa nane mchana, mashati yasiyo na vifungo yakaanza kurundikana. "Shoga, unasinzia?" akaita bila kugeuka. Alipogeuka, mwenzake alikuwa amelaza shavu juu ya mashine, jasho limelowesha khanga yake. Hakuamka tena.

Baada ya mazishi mama akamwendea msimamizi. "Kwa nini mlimlazimisha?"

Msimamizi akamwonyesha maandishi madogo chini ya majina: asiyetaka ataendelea kupumzika, na aliyekubali aweza kujitoa siku yoyote.

"Mtu wa kumshikia mashine akienda kula alikuwepo," akasema taratibu. "Nani alimlazimisha, mama?"

Ndugu zangu, dhuluma ya wakubwa tunaijua, na tunaikemea. Je, hii yetu? Ni mara ngapi tumembana mnyonge kwa utani, tena kwa mapenzi, mpaka akaona haya kuugua mbele yetu? Pumziko lako waweza kulitoa. La jirani yako hukupewa. Tukimwona mmoja anasitasita wakati sisi sote tumekubali, tumuulize kinachomzuia, kisha tunyamaze, tumsikilize angali hai.