Maporomoko ya Chini

Kaeni tu, wapendwa, kaeni. Leo sitapaza sauti, maana sina. Wiki hii nimezika mara mbili, nimekaa vikao vinne, na jana nilisinzia mezani hadi mke wangu akaja kunitoa kijiko mkononi. Kwa hiyo nitawapa mfano mmoja, na mwenye kusinzia asinzie taratibu, asikorome.

Kulikuwa na mwongoza wageni mmoja katika hifadhi ya milimani. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha watu hadi kwenye maporomoko ya maji. Mwanzoni aliipenda kazi ile, akiwasimulia wageni habari za kila mti na kila mbega aliyepita juu yao. Lakini miaka kumi na minane ya kupanda na kushuka njia ile ile si mchezo. Goti la kushoto likaanza kuuma, hadithi zikamwishia, akawa anatangulia kimya na wageni wanamfuata nyuma kama ng'ombe wanaopelekwa josho.

Sasa, muelewe jambo moja kuhusu mlima ule. Maporomoko yalikuwa mawili. Ya chini ni madogo, maji yanateleza tu kwenye mwamba, urefu wake kama paa la kanisa hili. Ya juu ndiyo yenyewe, yale ambayo watu wanayafungia safari kutoka mbali. Ukitaka kuyafikia unapanda tena karibu saa nzima, njia ya mizizi na mawe yenye utelezi. Na waongoza wageni wale walikuwa na desturi yao ambayo haikuandikwa popote. Mmoja akichoka, na akiona wageni wenyewe hawajui mbele wala nyuma, anawasimamisha pale chini anawaambia, "Tumefika." Wanapiga picha, wanashuka, wanaaga kwa furaha. Kati yao wenyewe, wakiwa kwenye chai, maporomoko yale waliyaita Inatosha. Ukirudi mapema mwenzako anakuuliza, "Wako umewafikisha wapi?" Unajibu, "Inatosha." Wanacheka, wanaendelea kunywa.

Na ninyi mnacheka. Haya.

Siku moja hifadhi ikawafungulia wenyeji wa vijiji vya jirani waingie bure. Watu wakaja kweli kweli. Mwongozaji wetu akapanda mara ya kwanza, akapanda mara ya pili, na saa nane mchana, ameketi anavua kiatu, akaja mama mmoja wa miaka sabini na kitu, peke yake, na fimbo yake na yeboyebo miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nipeleke kwenye maporomoko."

"Mama, kule ni mbali. Si ungekuja siku nyingine, na wajukuu?"

"Siku nyingine sina," mama akasema. "Daktari ameniambia presha ya macho imeshakula sana. Kufika Krismasi sitaona. Maji ya mto huu nimeyapikia miaka hamsini, na sijawahi kuona yanakoangukia. Nataka niyaone mara moja. Hata giza likija, nitakuwa nayo."

Jamani, mtu kama huyo ungemjibu nini? Akavaa kiatu chake tena, wakapanda.

Walipofika kwenye maporomoko ya chini, goti likagoma. Akaitazama njia ya juu. Akatazama saa. Akamtazama yule mama anavyohema. Na hapa niwaambie, mtu aliyechoka anajua kujidanganya kuliko mwerevu yeyote. Akajiambia, huyu ni mtu mzima, nikimpandisha juu nitamuumiza bure, bora aishie hapa kwa faida yake. Mmesikia? Kwa faida yake. Goti ni la nani?

"Mama, tumefika," akasema. "Ndiyo haya."

"Ndiyo haya yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, mama."

Mama akavua yeboyebo, akaingia majini mpaka kwenye vifundo, akanawa uso. Kisha akasimama akayatazama. Akayatazama muda mrefu, mpaka yule mwongozaji akakaa juu ya jiwe na kuanza kulikanda goti lake. Mwisho mama akageuka. "Mungu akubariki, baba. Turudi." Wakarudi. Getini mwenzake akamwuliza lile swali lao, naye akajibu kama kawaida, ila siku hiyo hakucheka.

Krismasi ikapita. Jumapili moja ya Januari mwongozaji yule alikuwa kanisani, benchi la mwisho, kama ninyi mnaopenda kukaa karibu na mlango. Akaona mtu anashikwa mkono kwenda mbele kutoa shukrani. Ni yule mama, na macho yameshafunga. Hakusema mengi. Alimshukuru Mungu kwa maji aliyoyaona, na kwa kijana aliyempeleka. Akarudishwa kwenye nafasi yake.

Yule bwana hakuweza kuimba wimbo uliofuata. Ibada ilipokwisha akamfuata mama hadi nyumbani kwake, akapiga magoti mlangoni, na lile bovu pia.

"Mama, ni mimi niliyekupeleka. Nilikudanganya. Yale hayakuwa maporomoko yenyewe. Yenyewe yako juu."

"Najua, mwanangu."

"Unajua?"

"Nilikuwa nayasikia yananguruma juu yetu. Macho ndiyo yalikuwa mabovu, masikio yalikuwa mazima."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Nilikuona unavyoburuta mguu. Nikasema moyoni, huyu nikimlazimisha, nani atamshusha? Nikanyamaza." Akapapasa mpaka akalipata bega lake. "Lakini ungeniambia tu kwamba umechoka. Tungekaa tukapumzika, tukapanda polepole. Au ungeniitia mwenzako. Miguu yangu siku ile ilikuwa na nguvu bado."

Mwanaume yule akalia pale mlangoni, mtu mzima na ndevu zake. Akasema, "Mama, twende kesho. Haki ya Mungu nitakubeba mgongoni mpaka juu."

Mama akamwuliza, "Nikafanye nini, mwanangu?"

Basi, mfano umeishia hapo. Najua mlitaka ambebe, wafike juu, macho yafunguke, kwaya isimame. Hapana. Alisamehewa, hilo sina shaka nalo. Alisamehewa kabla hajaomba, wakati bado amekaa juu ya jiwe anakanda goti. Lakini kusamehewa hakukumrudishia yule mama macho, na wala hakukumpandisha mlima.

Sasa ni zamu yetu. Wangapi hapa tumewaambia watu "tumefika" kwa sababu sisi ndio tulioishiwa nguvu? Wewe mama, mtoto amekuletea daftari, umesema "umepatia yote" hata hujalifungua. Wewe baba, mkeo alianza kukueleza jambo, ukamwambia limekwisha hilo, tulale. Naye akalala. Unafikiri hakujua? Wanajua, wapendwa. Wengi tunaowaacha njiani wanajua kabisa, wananyamaza kwa kutuonea huruma, na sisi tunadhani wameridhika.

Kuchoka si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alichoka, akaketi kisimani, akaomba maji kwa mtu asiyemjua. Hakuona aibu kuomba. Sisi ndio tunaoona aibu. Tuko tayari kusema uongo mzuri kuliko kusema "nimechoka, nisaidie."

Na mimi siwanyooshei kidole nikiwa nimesimama pembeni. Tangu Pasaka nimekuwa nikiwapitia wagonjwa wa usharika huu mlangoni mlangoni. Sala fupi, amina, pole sana, nimeondoka. Kwenye kikao nasema nimewatembelea. Mzee Lukosi yuko kitandani ng'ambo ya mto toka mwezi wa tano, mnamfahamu. Aliniomba nimsomee neno, sura nzima, taratibu, maana kusoma mwenyewe hawezi tena. Nilimsomea mistari miwili nikafunga kitabu. Akasema, "Asante, mchungaji, imenitosha." Nimekuwa nikilifikiria jibu lake lile wiki nzima, na usingizi siupati vizuri.

Kwa hiyo nasema mbele yenu bila kuzunguka: nimechoka. Alhamisi sitaweza kwenda kwa mzee Lukosi na kukaa naye anavyostahili, na sitaki tena kwenda kwa kujifanya. Nahitaji mtu mmoja anayejua kusoma na asiye na haraka. Mzee yule ni dhaifu, lakini masikio yake bado yanafanya kazi. Sitoi baraka, wala sishuki hapa, mpaka nione mkono.